Jiko la Mkaa, Damu na Kipima Oksijeni: Somo la Porfirini kwa Wakazi wa Nyanda za Baridi

Mji wa Njombe uko kwenye mwinuko unaokaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti, joto la usiku hushuka mara kwa mara chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Katika nyumba za Mjimwema, kama ilivyo Makambako na katika vijiji vya mkoa mzima, jiko la mkaa lililopika chakula cha jioni huingizwa chumbani ili lipashe joto kabla ya watu kulala. Mkaa uliokolea hautoi moshi, hauwashi macho wala hausababishi kikohozi. Kwa sababu hiyo wengi huuona kuwa salama.

Makala hii inaeleza kwa nini mkaa uliokolea unaweza kuua bila onyo, na kwa nini kifaa kinachoaminiwa sana katika vituo vya afya, yaani kipima oksijeni cha kidoleni, kinaweza kuonyesha kwamba mgonjwa yu salama wakati yu hatarini. Maswali yote mawili yana jibu moja, nalo limo katika kundi la kemikali liitwalo porfirini.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma makala hii, msomaji ataweza:

1. Kueleza porfirini ni nini na jinsi inavyotambua gesi.
2. Kueleza kwa nini kaboni monoksidi huchukua nafasi ya oksijeni katika damu.
3. Kutambua kikomo cha kipima oksijeni cha kidoleni.
4. Kumshuku, kumtibu na kumpa rufaa mgonjwa aliyevuta gesi ya mkaa, na kuishauri familia yake.

Mfano wa kuanzia

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo. Mama wa miaka 28 na watoto wake wawili wamelala katika chumba kimoja huko Mjimwema. Saa tatu usiku jiko la mkaa limeingizwa ndani, dirisha limefungwa, na kitambaa kimezibwa chini ya mlango ili upepo usipenye. Saa kumi alfajiri mama anaamka akiwa na maumivu makali ya kichwa na kizunguzungu. Mtoto mkubwa anatapika. Mdogo anaamshwa kwa shida, kisha anasinzia tena. Jirani anawasaidia kufika kituo cha afya.

Mhudumu anapima joto la mwili, nalo ni la kawaida. Kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi vimelea. Kipima oksijeni kinaonyesha asilimia 98 kwa mama na asilimia 97 kwa kila mtoto. Kwa kuwa wote watatu walikula chakula kimoja, mhudumu anawaza kwamba huenda chakula kiliharibika. Anafikiria kuwapa dawa ya maumivu na chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, kisha awaruhusu warudi nyumbani.

Kabla ya kuamua kama mhudumu huyu yuko sahihi, ni vema kuelewa kwanza kile ambacho kifaa chake kilikuwa kinakitazama.

Porfirini ni nini?

Porfirini ni molekuli yenye umbo la pete bapa. Pete hiyo kubwa imeundwa na pete ndogo nne, ziitwazo piroli, zilizounganishwa kwa madaraja manne ya kaboni. Kila pete ndogo ina atomu moja ya naitrojeni inayoelekea ndani. Hivyo katikati ya pete kubwa hubaki nafasi iliyozungukwa na naitrojeni nne, na nafasi hiyo hutosha atomu moja ya metali. Metali ikiingia hapo, hushikwa kutoka pande nne kwa wakati mmoja.

Jina porfirini limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya rangi ya zambarau. Rangi ndiyo sifa ya kwanza ya kemikali hizi. Pete ya porfirini hufyonza baadhi ya mwanga na kuacha mwingine upite, na rangi hiyo hubadilika metali inapobadilika, au kitu kingine kinapokuja kujishikiza kwenye metali hiyo. Kwa maneno mengine, porfirini inapokutana na mgeni, hubadili rangi. Sifa hiyo ndiyo inayoifanya ifae kuwa kihisi.

Mifano yake iko kila mahali. Rangi ya kijani ya majani ya chai katika mashamba ya Njombe inatokana na klorofili, ambayo ni ndugu wa porfirini mwenye magnesi katikati. Vitamini B12 ina pete inayokaribiana nayo, yenye kobalti. Wekundu wa damu unatokana na hemu, ambayo ni porfirini yenye chuma. Mkemia wa Ujerumani Hans Fischer alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1930 kwa utafiti wake juu ya hemu na klorofili, baada ya kufaulu kutengeneza hemu katika maabara.

Jinsi hemu inavyoitambua oksijeni

Ndani ya kila chembe nyekundu ya damu mna protini iitwayo hemoglobini. Kila molekuli ya hemoglobini hubeba hemu nne, na kila hemu ina atomu moja ya chuma. Chuma hicho kina nafasi sita za kushikiana na vitu vingine. Nne zimeshikwa na naitrojeni za pete. Ya tano imeshikwa na protini yenyewe, kupitia asidi amino iitwayo histidini. Ya sita huwa wazi, na hapo ndipo oksijeni hukaa inapotoka kwenye mapafu.

Oksijeni ikishikwa, chuma husogea kidogo sana na kuingia sawasawa katikati ya pete. Mwendo huo huivuta histidini, nayo huivuta protini, na umbo la hemoglobini nzima hubadilika. Hemu zilizobaki hupata urahisi zaidi wa kushika oksijeni. Damu inapofika kwenye misuli na ubongo, ambako oksijeni ni chache, mabadiliko hayo hurudi nyuma na oksijeni huachiliwa. Umbo la hemoglobini lilifichuliwa na Max Perutz, ambaye mwaka 1962 alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na John Kendrew, aliyechunguza protini ya misuli inayofanana nayo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba hemoglobini hushika na pia huachilia. Damu ambayo ingeshika oksijeni na kukataa kuiachilia isingemfaa mtu, hata kama ingekuwa imejaa oksijeni tele.

Mgeni anayekaa mahali pa mwenyeji

Mkaa unapoungua kwenye hewa ya kutosha, hutoa kaboni dioksidi. Hewa inapokuwa haitoshi, hasa katikati ya rundo la makaa mekundu, hutoa kaboni monoksidi. Miali midogo ya buluu inayoonekana juu ya makaa ni sehemu ya gesi hiyo ikiungua. Ile isiyoungua huingia chumbani. Haina rangi, haina harufu, haina ladha.

Molekuli ya kaboni monoksidi ina atomu mbili tu, kama ile ya oksijeni, na ukubwa wake unakaribiana nayo. Inapofika kwenye hemu hukaa katika nafasi ileile ya sita. Tofauti iko katika nguvu ya kushikamana. Hemu iliyo peke yake, bila protini, hushika kaboni monoksidi kwa nguvu inayofikia takriban mara 20,000 ya ile inayoshikia oksijeni. Ikiwa ndani ya hemoglobini, tofauti hiyo hupungua hadi mara 200 hivi. Sababu ni kwamba hemu imefichwa ndani ya mfuko wa protini, na katika mfuko huo mna histidini nyingine inayoishikilia oksijeni na kuisaidia itulie, lakini haiipi kaboni monoksidi msaada kama huo.

Upungufu huo una maana kubwa. Mwili wenyewe hutengeneza kaboni monoksidi kidogo kila siku unapovunja hemu ya chembe nyekundu zilizozeeka. Bila ulinzi wa mfuko wa protini, kiasi hicho kidogo kingetosha kuivuruga damu. Ulinzi huo unatosha kwa gesi inayozalishwa na mwili, lakini hautoshi kwa gesi ya jiko lililofungiwa chumbani.

Hesabu rahisi inaonyesha ukubwa wa tatizo. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Ikiwa hewa ya chumba itakuwa na kaboni monoksidi asilimia 0.1 tu, yaani sehemu moja katika kila sehemu 1,000, oksijeni itaizidi gesi hiyo mara 210. Lakini hemu huipendelea gesi hiyo kwa takriban mara 200. Nguvu hizo mbili zinakaribia kulingana, na mtu akiivuta hewa hiyo kwa saa kadhaa, karibu nusu ya hemoglobini yake itakuwa imeshikwa na kaboni monoksidi.

Madhara hayaishii hapo. Kaboni monoksidi ikikaa kwenye hemu moja au mbili za molekuli, hemu zilizobaki hushikilia oksijeni yake kwa nguvu zaidi na kuiachilia kwa shida. Ndiyo maana mtu aliyepoteza nusu ya hemoglobini kwa upungufu wa damu uliokuja polepole anaweza kutembea hadi kliniki, ilhali mtu ambaye nusu ya hemoglobini yake imeshikwa na kaboni monoksidi anaweza kuwa amepoteza fahamu.

Mwinuko wa Njombe huongeza uzito wa jambo hili. Kwenye mita 2,000, oksijeni inayopatikana katika kila pumzi ni pungufu kwa takriban moja ya tano ikilinganishwa na ile ya pwani. Oksijeni ikipungua, mshindani wake hupata nafasi kwa urahisi zaidi. Kiasi cha gesi ambacho kingemletea mtu wa Dar es Salaam maumivu ya kichwa kinaweza kumdhuru zaidi mtu aliyeko nyanda za juu.

Kipima oksijeni kinaona nini?

Kipima oksijeni cha kidoleni, ambacho msingi wake ulibuniwa na mhandisi wa Japani Takuo Aoyagi katika miaka ya 1970, hakipimi oksijeni moja kwa moja. Kinapima rangi ya hemu. Kifaa hicho hupitisha kidoleni mwanga wa aina mbili: mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 660, na mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, wa takriban nanomita 940. Hemoglobini isiyo na oksijeni hufyonza sana mwanga mwekundu. Ile yenye oksijeni huuacha mwekundu upite na kufyonza zaidi infraredi. Kifaa hulinganisha kiasi cha mwanga uliofika upande wa pili, kisha huandika asilimia.

Hesabu hiyo ni sahihi iwapo damu ina hemoglobini za aina mbili tu, yenye oksijeni na isiyo nayo. Hemoglobini iliyoshika kaboni monoksidi ni aina ya tatu. Kwa bahati mbaya, inaufyonza mwanga mwekundu kwa kiasi kinachokaribiana sana na ile yenye oksijeni. Kifaa chenye aina mbili za mwanga hakiwezi kuzitofautisha, kwa hiyo huzihesabu kama kitu kimoja.

Tuseme asilimia 68 ya hemoglobini ya mgonjwa imeshika oksijeni, asilimia 30 imeshika kaboni monoksidi, na asilimia 2 haijashika kitu. Kipima oksijeni kinaweza kuonyesha asilimia 97 au 98. Betri ni nzima, kidole hakina rangi ya kucha, mapigo yanasomeka vizuri, na bado namba hiyo inaficha hatari. Kifaa hakijaharibika. Kimefanya kazi kiliyotengenezewa, ila swali la mhudumu lilikuwa jingine.

Mjini Njombe kuna dokezo la ziada. Mtu mwenye afya anayeishi kwenye mwinuko huo anaweza kusoma asilimia 94 au 95 bila kuwa mgonjwa. Mgonjwa aliyelegea, mwenye kichwa kinachouma, anayesoma asilimia 98 au 99 katika mji huo anastahili kutazamwa mara ya pili.

Wekundu wa ngozi na midomo unaoelezwa katika vitabu nao si wa kutegemewa. Kwa wagonjwa walio hai huonekana kwa nadra, na mara nyingi huonwa baada ya mauti. Kutokuwapo kwake hakuondoi shaka.

Je, kuna kifaa kinachoweza kutofautisha?

Kipo. Mashine iitwayo ko-oksimita hutumia aina nyingi za mwanga badala ya mbili, na kwa hiyo huweza kuhesabu kila aina ya hemoglobini peke yake. Hupatikana zaidi katika hospitali kubwa, mara nyingi ikiwa sehemu ya mashine ya kupima gesi za damu. Sampuli ya damu ya mshipa wa vena inatosha. Si lazima kuchoma ateri.

Kabla ya mashine kama hizo, kihisi cha gesi hii kilikuwa kiumbe hai. Mwanafiziolojia wa Ufaransa Claude Bernard alionyesha katika miaka ya 1850 kwamba kaboni monoksidi huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Katika miaka ya 1890, John Scott Haldane wa Uingereza alichunguza vifo vya wachimbaji wa makaa ya mawe na kupendekeza washuke migodini na wanyama wadogo, kama panya na ndege. Ndege mdogo hupumua kwa kasi, na hemu yake hujaa gesi mapema kuliko ya binadamu. Alipoanguka, wachimbaji walijua kwamba ni wakati wa kutoka. Migodi ya Uingereza iliendelea kutumia ndege hao hadi mwaka 1986.

Siku hizi wakemia huiga kazi ya hemu bila damu wala ndege. Hutengeneza porfirini katika maabara na kuweka metali tofauti katikati yake: kobalti, zinki, manganizi na nyinginezo. Kila metali ina gesi inazozipenda. Mwaka 2000, Neal Rakow na Kenneth Suslick wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walichapisha katika jarida la Nature maelezo ya bamba dogo lenye matone ya porfirini za aina mbalimbali. Mvuke ukipita juu yake, kila tone hubadili rangi kwa namna yake, na mpangilio wa rangi zote kwa pamoja huwa kama alama ya kidole ya mvuke huo. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Tor Vergata mjini Roma nao wametumia porfirini zenye metali kutengeneza pua bandia, na mwaka 2003 walitoa taarifa ya kuijaribu kwa pumzi za wagonjwa wa saratani ya mapafu.

Utafiti huu unafundisha jambo lenye manufaa hata kwa zahanati isiyo na umeme wa uhakika. Porfirini moja peke yake hudanganyika, kama hemu inavyodanganyika. Porfirini nyingi zikilinganishwa, udanganyifu hupungua. Vivyo hivyo, mhudumu anayeegemea namba moja hukosea kwa urahisi, na anayelinganisha namba, dalili, historia na hali ya watu wengine wa nyumba hukosea mara chache.

Dalili na maswali ya kuuliza

Dalili za awali ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, uchovu na kukosa nguvu miguuni. Gesi ikizidi hufuata kuchanganyikiwa, maumivu ya kifua, degedege, kupoteza fahamu na kifo. Nyingi ya dalili hizi hufanana na za malaria, mafua makali au chakula kilichoharibika, na ndiyo sababu ugonjwa huu hupita bila kutambuliwa. Kwa kawaida homa haipo. Aidha, kipimo cha malaria kikionyesha vimelea, hilo halithibitishi kwamba mgonjwa hakuvuta gesi.

Katika msimu wa baridi, kila mgonjwa mwenye maumivu ya kichwa, kizunguzungu au fahamu zilizopungua aulizwe maswali haya:

- Je, kulikuwa na jiko la mkaa, moto wa kuni au jenereta ndani ya chumba au karibu na dirisha?
- Je, kuna mtu mwingine wa nyumba hiyo anayeumwa vivyo hivyo kwa wakati huohuo?
- Je, paka, mbwa au kuku waliolala ndani wameonekana kulegea au wamekufa?
- Je, hali ilikuwa afadhali baada ya kutoka nje, na mbaya baada ya kurudi ndani?
- Je, mgonjwa ni mjamzito?

Swali la mwisho lina uzito wa pekee. Kaboni monoksidi huvuka kondo la nyuma, nayo hemoglobini ya mtoto aliye tumboni huishika kwa nguvu na huiachilia polepole. Mama anaweza kujisikia nafuu ilhali mtoto bado yu hatarini.

Hatua za tiba

*Nyumbani.* Anayeokoa afungue mlango na madirisha, amtoe mgonjwa nje haraka, na asikae ndani kutafuta vitu au kuzima jiko kabla ya watu wote kutoka. Ni salama zaidi awe na mwenzake anayesubiri mlangoni. Aliyepoteza fahamu lakini anapumua alazwe ubavu. Asinyweshwe maziwa. Sumu hii imo katika damu, haimo tumboni, na mtu aliyelegea akinyweshwa anaweza kupaliwa na kufa kwa sababu hiyo.

*Kituoni.* Tiba ni oksijeni, na ianze kwa shaka tu, bila kusubiri kipimo. Itolewe kwa barakoa yenye mfuko wa akiba, lita 10 hadi 15 kwa dakika, hata kama kipima oksijeni kinaonyesha asilimia 100. Mashine za kuzalisha oksijeni zilizoko katika vituo vingi hutoa mkondo mdogo kuliko huo. Zitumike kwa kiwango chake cha juu wakati mtungi au rufaa inaandaliwa. Mhudumu apime pia sukari ya damu, malaria na mapigo ya moyo. Pale kipimo cha umeme wa moyo kinapopatikana, kifanyike.

Sababu ya kuharakisha oksijeni inaonekana katika hesabu. Mtu anayepumua hewa ya kawaida huchukua takriban saa 5 kupunguza kaboni monoksidi ya damu yake hadi nusu. Akipewa oksijeni ya kiwango cha juu, hupunguza nusu hiyo kwa dakika 80 hivi. Aliyefika na asilimia 40 atashuka hadi 10 kwa chini ya saa 3, badala ya kungoja saa 10. Oksijeni iendelee hadi dalili zote ziishe, na kwa mjamzito iendelee kwa muda mrefu zaidi.

Wanaohitaji rufaa ni aliyepoteza fahamu hata kwa muda mfupi, mwenye kuchanganyikiwa, degedege au maumivu ya kifua, mjamzito, mtoto mdogo, na yeyote ambaye dalili zake haziishi kwa oksijeni. Barua ya rufaa itaje muda mgonjwa alipotolewa chumbani na muda oksijeni ilipoanza. Bila taarifa hizo, kipimo kitakachofanyika baadaye kinaweza kuonyesha kiwango kidogo na kumpotosha daktari.

Familia ielezwe kwamba baadhi ya wagonjwa hupata nafuu kisha, baada ya siku au wiki kadhaa, huanza kusahau, kubadilika tabia au kuyumba wanapotembea. Dalili hizo zikitokea, mgonjwa arudishwe hospitali.

Kinga nyumbani

Kanuni ya kwanza ni kwamba jiko la mkaa halilali na watu. Likitumika kupasha chumba joto, mlango na dirisha viwe wazi, watu wawe macho, na jiko litolewe nje kabla ya kulala. Kungoja mkaa ukolee hakuondoi gesi. Kuweka sufuria au beseni la maji chumbani hakuondoi gesi pia, kwa sababu kaboni monoksidi huyeyuka kidogo mno katika maji. Jivu lililofunika makaa huendelea kuficha moto unaoitoa.

Ziko njia za kupata joto bila moto chumbani: blanketi za ziada, soksi na kofia kwa watoto, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa na kuwekwa miguuni. Wanaojenga wanaweza kuweka dohani inayotoa moshi na gesi nje ya nyumba. Wafugaji wanaowapashia vifaranga joto kwa jiko la mkaa wasilale ndani ya banda, na banda liwe na matundu ya hewa juu na chini.

Serikali ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Katika mikoa ya baridi, elimu ya mkakati huo inapaswa kugusa pia joto la chumbani, kwa sababu familia inaweza kununua jiko la gesi kwa ajili ya kupikia na bado ikabaki na jiko la mkaa kwa ajili ya baridi.

Pale kifaa cha kutoa tahadhari ya kaboni monoksidi kinapopatikana, ni vema kukiweka katika chumba cha kulala. Kifaa hicho hakizuii gesi. Kinaamsha watu tu. Hakiwi kibali cha kuingiza jiko ndani.

Kurudi kwenye mfano

Mhudumu wa mfano wetu alikuwa ameshika kalamu kuandika dawa ya maumivu. Alipouliza walilala wapi na nini kilikuwa kinawaka, mama alijibu kwamba jiko liliingizwa kwa sababu ya baridi. Watu watatu wa chumba kimoja, hakuna mwenye homa, wote wameugua usiku uleule. Hapo asilimia 98 ilipoteza maana. Mtoto mdogo alipewa oksijeni kwanza kwa kuwa ndiye aliyekuwa amelegea zaidi, rufaa ikaandaliwa, na jirani akaombwa arudi kufungua madirisha na kuhakikisha kwamba hakuna mwingine aliyebaki ndani.

Kama wangeruhusiwa, wangerudi katika chumba kilekile, na usiku uliofuata ungekuwa na baridi ileile.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kipima oksijeni cha kidoleni hakiwezi kutofautisha oksijeni na kaboni monoksidi katika damu?
2. Hewa ya chumba ina kaboni monoksidi asilimia 0.1. Eleza kwa nini kiasi hicho kidogo kinaweza kushika karibu nusu ya hemoglobini.
3. Mjamzito amejisikia nafuu baada ya saa moja ya oksijeni na anaomba kurudi nyumbani. Utamshauri nini, na kwa sababu gani?
4. Mgonjwa amefika kituoni saa nne baada ya kutolewa chumbani. Ni taarifa gani mbili ambazo barua yake ya rufaa haipaswi kukosa?
5. Taja mambo mawili ambayo watu hufanya wakiamini yanaondoa hatari ya jiko la mkaa chumbani, na ueleze kwa nini hayaiondoi.